Kimya cha VX Mpya

Jioni ile nilienda Kitengela kuchukua ngozi ya kondoo. Ngozi tu, hakuna kingine. Mume wangu alikuwa ameitandika kwenye kiti cha dereva cha VX yetu ya zamani, na nilipoliuza gari hilo kwa Abshir, mfanyabiashara wa ng'ombe, niliisahau humo ndani.

Nilienda na VX mpya. Mwanangu Saning'o aliniletea mwaka huo wa 2004, akanizungusha mzunguko mzima akinionyesha taa, viti, na redio. Eti hiki ni kizazi kingine kabisa. Nilimshukuru, maana ni mtoto mwema, lakini moyoni sikulipenda gari lenyewe hata kidogo.

Ile ya zamani tuliinunua mwaka 1994, enzi ambazo kila mtu huku kwetu alikuwa akiuza kipande cha shamba na kununua gari. Mlango wake ulitaka kubamizwa. Ukiwasha injini, ng'ombe wa jirani walikuwa wakiinua vichwa. Siku ilipofika nyumbani, mama mkwe alichovya nyasi kwenye maziwa, akanyunyizia magurudumu yote, kisha akalitemea boneti mate ya baraka. Mume wangu alinifundisha kuendesha kwa gari hilo, katika uwanja mmoja pale Noonkopir, watu wakisimama kutazama mama wa Kimaasai akiparamia mawe.

Hii mpya haikupata hata tone la maziwa. Nilipotoka na kibuyu, Saning'o alisimama mlangoni akakinga viti kwa mwili wake.

"Mama, hiyo ni ngozi ya ng'ambo. Itanuka."

Basi nikarudisha kibuyu ndani. Na kimya cha gari hilo! Ukipandisha vioo husikii hata lori linalokupita. Unasikia pumzi yako tu. Vijana husema hiyo ndiyo raha yenyewe. Mjane ana kimya cha kutosha nyumbani kwake, hahitaji kununuliwa kingine.

Mume wangu alichukuliwa na mto mwisho wa mwaka 1997, mvua za El Niño. Alijaribu kuvuka akiwa na gari. Gari lilinasa kwenye mti, baadaye likavutwa na kutengenezwa; yeye akapatikana mbali, tukamzika. Tangu hapo hakuna mtu nyumbani aliyelitaja jina lake. Ndivyo tulivyo. Mtu akienda, jina lake linaenda naye, na sisi tunasema "yule mzee" au "baba yake fulani." Kwangu haikuwa kazi ngumu, kwa sababu hata alipokuwa hai sikumwita jina. Nilimwita Baba Saning'o. Naye aliniita Mama Saning'o, hata tukiwa wawili tu gizani. Jina langu la ubatizo ni Zipporah, lakini liko kwenye kitambulisho tu. Nikiitwa kwa jina hilo hospitalini huchelewa kuitika.

Sasa, Saning'o alimwoa Florence, msichana wa Kikuyu, na Florence alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwao mtoto kama huyo anapewa jina la babu yake upande wa baba. Kwetu jina hilo halitajwi. Mwanangu alikuwa katikati, anakonda. Mtoto alikuwa bado hana jina, na mimi ndiye niliyetakiwa kusema ndiyo au hapana. Niliwaambia nitajibu jioni hiyo nikirudi.

Nilitaka kusema ndiyo. Huo ndio ukweli. Miaka saba bila kulisikia jina lile ni mingi.

Abshir nilimkuta nyuma ya duka lake, ameliegemea gari langu la zamani. Alilitazama lile jipya, akacheka.

"Mama Saning'o, hii ya zamani ni gari. Hiyo yako ni sebule."

"Basi turudishiane."

Hakucheka tena. Aliingiza mkono dirishani, akatoa ile ngozi kwa ncha za vidole na kunikabidhi.

"Chukua tu, mama. Wafanyakazi wangu hawataki kuikalia."

"Kwa nini?"

Aliangalia kama kuna mtu karibu. Akashusha sauti.

"Huu mlango wa nyuma, lock yake haishiki, si ndio?"

"Iliharibiwa na maji ya mto."

"Sawa. Lakini juzi, saa ya maghrib, wallahi ulifunguka pole pole. Ukakaa hivyo kidogo. Halafu ukafungwa... na mtu mwenye adabu. Kama abiria ameshuka. Mimi niko na hii biashara, sitaki maneno. Lakini tangu hiyo siku gari imekuwa ya baridi. Kama nyumba watu wamehama."

Nilimwambia ni upepo. Nikaitandika ngozi kwenye kiti cha abiria, kando yangu, nikaondoka. Ilinuka mafuta ya kondoo na moshi, na ilinuka yeye. Nilipofika nje ya mji nilikuwa tayari nalia.

Jua lilikuwa limeshika vilima vya upande wa Ngong. Barabara ya Namanga ilikuwa tupu. Vioo juu. Kimya.

Nikafikiri: kama mtoto atapewa jina hilo, itanibidi nilitaje kila siku. Je, mdomo wangu utaweza? Nikaona nijaribu kwanza, hapa, ambapo hakuna wa kunisikia.

"Lemein," nikasema.

Lilitoka kwa urahisi ajabu. Nikalisema tena.

"Lemein."

Kwenye dashibodi, taa ndogo ya mlango ikawaka.

Nyekundu.

Gari lilikuwa kwenye mwendo. Mlango haujafunguka, upepo haujaingia. Taa ikazima yenyewe.

Kiti cha nyuma kikalia... kile kilio cha ngozi mpya inapokaliwa na mtu mzito.

Halafu nikasikia harufu. Sio mafuta ya kondoo tena. Tope. Tope bichi la mtoni.

Tii... tii... Maji yakidondoka juu ya kiti.

Katika ile ya zamani nisingesikia lolote. Injini ingeguruma, vyuma vingepiga kelele, ningefika nyumbani nikiimba. Hii mpya ilinisikilizisha kila tone.

"Ni nani?" nikanong'ona.

Tii... tii...

"Baba Saning'o?"

Hakuna jibu. Nilingoja, nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili. Hofu ilikuwepo, lakini nisidanganye, chini ya hofu kulikuwa na furaha. Nikasema lile jina.

"Lemein?"

"Niko."

Ilikuwa sauti yake. Ile ile, nzito, yenye mkwaruzo wa tumbaku. Machozi yalinitoka nikashindwa kuona barabara. Nikapunguza mwendo.

"Umekaa wapi siku zote?"

Kimya.

"Baba Saning'o, nijibu."

Kimya. Tii... tii...

Kisha ile sauti ikazungumza, karibu kabisa na sikio langu.

"Twende nyumbani, Zipporah."

Nywele zilinisimama mpaka shingoni.

Mume wangu hakuwahi kuniita hivyo. Siku ya harusi hakuniita hivyo. Siku mtoto wetu wa pili alipokufa na mimi nikiwa chini nimejitupa, hakuniita hivyo. Yule nyuma yangu alikuwa na sauti ya mume wangu lakini hakujua nilikuwa nani kwake. Alijua majina tu. Nilitaja jina lisilo na mwenyewe, na kitu fulani kilichokuwa kikingoja huko nje kikaliokota.

Nikamkumbuka yule abiria mwenye adabu aliyeshuka kwa Abshir. Labda huyo ndiye alikuwa wangu. Miaka yote alikuwa akisafiri nami, amenyamaza, katika gari lililopakwa maziwa, na mimi nikaliuza.

Sikugeuka. Kioo cha ndani nilikipindua kikaangalia paa. Nikabonyeza kitufe.

Kla. Milango yote ikajifunga.

Nikajiambia kitu hiki hakishuki nyumbani kwangu. Pale kuna mtoto mchanga. Nitapita, niendelee mpaka Kajiado, nilale mbele ya kanisa na taa zikiwaka. Lakini nilikuwa nimeshakata kona ya Kisaju bila kujua, mikono inalijua tu lile vumbi, na lango likatokea mbele yangu. Ile ya zamani ingesikika tangu barabarani na watu wangejua ninakuja. Hii ilifika kimya kimya. Florence alikuwa amesimama pale pale njiani, mtoto amembeba kifuani, na ikabidi nikanyage breki.

Mtoto alikuwa akilia sana. Florence alikuja akitabasamu, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, kama siku zote, kunisaidia mizigo. Akavuta. Haukufunguka.

"Mama, fungua!"

Nilishusha kioo upana wa kidole.

"Rudi ndani. Mrudishe mtoto ndani!"

"Kwani kuna nini? Mbona unalia?"

"Florence, nakuomba. Nenda. Na lile jina, jibu langu ni hapana. Umesikia? Hapana."

Uso wake ulibadilika. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Mama, usikasirike... Pasta alipita saa kumi. Nikampigia Saning'o simu, akasema wewe utakubali tu, anakujua." Akamweka mtoto vizuri kifuani. "Tumeshamwombea. Anaitwa Lemein."

Nyuma yangu, mtu alishusha pumzi ndefu. Pumzi ya aliyetembea sana na sasa amefika.

Matone yakakoma.

Milango ilikuwa imefungwa yote. Ile taa nyekundu haikuwaka.

Na mtoto akanyamaza. Ghafla, katikati ya kilio. Akageuza kichwa chake kidogo, kichwa ambacho hakikuwa na nguvu bado ya kugeuka, akanitazama kupitia ule upana wa kidole.

Kiti cha nyuma tulikikuta kimelowa. Saning'o alisema nimemwaga maji. Nilimweleza mara moja, akanishika mabega, akasema ni upweke, Mama, unakaa peke yako sana. Nilirudi kwa Abshir kulinunua gari la zamani. Alikuwa amelikata vipande, ameshauza injini.

Mtoto amekua vizuri. Haumwi, hasumbui. Analala chali, kimya, macho wazi. Alichelewa sana kusema, na Florence akaanza kuhangaika. Mimi naitwa Kokoo na wajukuu, Mama na Florence, Mama Saning'o na dunia nzima iliyobaki. Katika nyumba ile hakuna anayelitumia lile jina la kitambulisho.

Mwaka jana, jioni moja, nilikuwa peke yangu na mtoto jikoni, nimempa mgongo, nakoroga uji. Nikasikia tone likidondoka sakafuni. Kisha sauti nzito, yenye mkwaruzo, chini karibu na miguu yangu.

"Zipporah."

Na mimi, niliyekaa miaka yote hiyo bila kuitwa jina langu na mtu, nikaitika.