Aliyeitikia Chini ya Jukwaa

Acha kucheka kabla hujasikia. Wewe unayejua kila kitu, ulikuwa wapi siku watu wazima wa Uramizo walipojikojolea ndani ya suruali za sikukuu? Mimi nilikuwepo, sahani mkononi. Basi kaa kimya.

Ilianza na wali. Hatsuyo alikuwa amekipikia Chama cha Uramizo hapa mjini Hilo miaka arobaini na zaidi, na hakuwahi kuunguza hata ukoko. Asubuhi ya mkutano wa mwaka alifunua sufuria: wali mweupe, laini, lakini unanuka miwa inayoungua. Na mashamba ya miwa yalikuwa yamefungwa miaka minne.

"Bibi, pua imezeeka," akamtania Wendell Iwakiri, mwenyekiti kijana.

"Pua hii ilikuwepo kabla babu yako hajaota kitambi. Panga viti."

Hatsuyo alikuwa akiungoja mkutano huo kwa jambo moja tu: kuitwa majina. Chama kilianzishwa na vibarua waliotoka Uramizo, kijiji cha Japani, kuja huku kukata miwa, kikawaahidi: ukifa huku bila mke wala mtoto, tutayarudisha majivu yako ukalale na wazazi. Kwa hiyo kila mwaka wote huitwa, walio hai na waliokufa. Aliye hai hujibu, "Nipo." Aliyerudishwa, ndugu yake humjibia, "Amefika nyumbani." Kamesuke, kaka yake Hatsuyo, aliuawa na moto wa miwa. Mzee Iwakiri, babu yake Wendell, alipokwenda kijijini aliondoka na chungu cha majivu ya Kamesuke na vya wenzake sita, akarudi na habari: amelala ubavuni mwa mama yenu. Ndipo Hatsuyo akaanza kupata usingizi.

Adhuhuri, jua la utosi, Wendell akasoma, "Kamesuke Nagatome."

Hatsuyo akasimama. Kabla hajafungua mdomo, sauti kavu ikajibu chini ya jukwaa aliposimama Wendell: "Sijafika."

"Panya," mtu akanong'ona.

"Panya wenye lafudhi ya kwetu?" Hatsuyo akauliza polepole.

Halafu kikasikika kitu kikigongagonga chini ya mbao, kama maharage makavu yanayotikiswa ndani ya kopo, na ile harufu ikazidi, ikaingia puani na kooni na ndani ya chai, mpaka masizi yakaanza kudondoka juu ya vitambaa vyeupe vya meza ilhali madirisha yote yako wazi na nje hakuna hata moshi wa jiko, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Wakang'oa mbao. Vyungu saba, vitambaa vilivyovifunga vimegeuka manjano, kila kimoja na jina lake.

"Mzee Iwakiri," Hatsuyo akasema, akikiinua cha kaka yake, "hiki nini?"

Mzee, miaka tisini na mitatu, akatazama magurudumu ya kiti chake. "Sanduku lilijaa zawadi, dada. Kahawa, sukari, nyama za makopo. Ningeingiaje kwetu mikono mitupu baada ya miaka thelathini? Nikasema safari ijayo."

"Uliniambia umelimwagia maji kaburi lake, kama desturi yetu."

"Ulikuwa unalia sana."

Kasisi wa hekalu letu, aliyealikwa kama kila mwaka, akapiga kengele, akasoma dua mpaka jasho likamlowesha. Kugongagonga kukakoma. Harufu ikaisha.

"Yamekwisha," Wendell akasema, na ili watu waamini akaendelea na orodha. "Torakichi Osako."

Mdomo wa mzee Iwakiri ukafunguka, ikatoka sauti ya kijana: "Sijafika." Wendell akaiangusha karatasi, lakini mdomo haukungoja kuitwa tena, ukajibu wa pili, wa tatu, hadi wa sita, sauti sita mbalimbali, na machozi ya mzee mwenyewe yakitiririka juu yake. Ya Kamesuke haikuwemo. Chungu chake kilikuwa kifuani mwa dada yake, aliyekuwa ameshageukia mlango.

"Bibi, usituache naye," Wendell akanong'ona. "Sema umemsamehe, huenda watamtoka."

Hatsuyo akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya wali.

"Miaka arobaini nimejibu uongo wake kwa mdomo wangu," akasema. "Sasa ajibu yeye."

Akatoka na kaka yake mikononi, akaufunga mlango.