Injini Imekufa, Mota Iko Wapi?

Boti ilipogonga kisiki, watu wawili waliruka kuokoa keki, na hakuna aliyemkumbuka nahodha.

Kilikuwa kisiki cha mgunga uliozama miaka ile Ziwa Naivasha lilipofura likameza mashamba ya ukingoni. Sydney, nahodha mwenye kitambi na maneno mengi, alikuwa ndiyo kwanza amewahakikishia abiria wake kwamba njia hiyo anaijua hata akifumba macho. Kisha ukasikika mshindo kama wa mlango uliopigwa teke. Sehemu ya nyuma ya boti ikanyanyuka, injini ikapiga ukelele, ikakohoa, ikanyamaza. Sydney akarushwa mbele, paji lake likakutana na ukingo wa kiti, na simu yake ikaruka majini bila kuaga.

Katikati ya boti, Wachuka na Chepkosgei walikuwa wamelikumbatia sanduku la keki, mmoja huku, mwingine kule, vichwa vyao vimegusana.

"Iko sawa?" aliuliza Wachuka.

"Ghorofa zote tatu," Chepkosgei alisema. Ndipo wakaiona damu.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, Natalie bintiye Wachuka alikuwa afunge ndoa na Kipyegon mwanawe Chepkosgei, katika bustani ya hoteli moja upande wa kusini wa ziwa. Keki ilikuwa imechelewa mjini Naivasha, na lori la maua lilikuwa limepinduka likaifunga barabara. Mtu mmoja angetosha kuifuata keki kwa boti. Lakini Wachuka aliposema ataenda yeye, Chepkosgei alisimama pia. Aliposema Chepkosgei kwamba basi ataenda yeye peke yake, Wachuka alikuwa tayari ameshavaa viatu. Ndivyo mama wawili, wamevaa vitenge vya kitambaa kimoja walichoshindwa kukubaliana rangi yake tangu mwanzo, walivyojikuta katikati ya ziwa na mtu anayevuja damu.

Wachuka alifungua kilemba chake kipya, akakikunja, akakibana juu ya jeraha. "Shikilia hapo. Usilale."

"Nasikia kizunguzungu, mathe," alisema Sydney, macho yakimzunguka.

"Sikia tu, lakini usilale."

Chepkosgei alikuwa ameshafika nyuma, ameshika kamba ya kuwashia. Akavuta. Akavuta tena, kofia yake pana ya harusi ikamwangukia puani. "Mota imekufa," alitangaza.

"Hiyo si mota," Wachuka akasema bila kugeuka. "Hiyo ni injini."

Wachuka alikuwa mtu wa Dundori, lakini duka lake la vipuri lilikuwa Nakuru mjini, na watu walisafiri kutoka Subukia kuja kubishana naye na kushindwa. "Injini inakunywa mafuta, inayachoma ndani kwa ndani," aliendelea. "Mota inakula stima. Ukija dukani uniitishe mota ya trekta, nitakuuliza kama trekta yako unaichomeka ukutani."

"Mimi nimezaliwa Kampi ya Samaki," Chepkosgei alijibu. Ndoa ndiyo iliyompeleka Njoro kwenye ngano, lakini utoto wake wote ulikuwa kando ya Ziwa Baringo. "Kwetu kitu kikikaa nyuma ya boti kikapiga kelele ni mota. Babangu alikuwa na boti ya mota. Hakuna siku mamba alimuuliza inakula nini."

"Wakosaji wakiwa wengi hawageuki kuwa sahihi, Mama Kipyegon."

"Na wewe ukiwa sahihi, Mama Natalie, boti inatembea?"

Boti ilikuwa ikitembea kweli, lakini kwenda kusikotakiwa. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka. Maji yaliyokuwa kama sahani yakaanza kukunjamana, kisha kupiga ubavu wa boti. Ufuo uliokuwa karibu ukarudi nyuma polepole, na chini ya miguu yao Wachuka aliona kitu ambacho hakukipenda: maji yakiingia kupitia ufa mwembamba pale kisiki kilipobusu mbao.

Simu ya Wachuka ilikuwa imebaki hotelini ikichajiwa. Ya Chepkosgei ilikuwa na chaji ya kufa wakati wowote. Ubavuni mwa boti iliandikwa namba ya simu ya mwenye boti, Jeff. Chepkosgei aliinama nje kuisoma ikiwa kichwa chini, akapiga.

"Haloo! Jeff? Hii boti yako imetuharibikia! Mota imekufa!"

"Mota?" Sauti ya Jeff ilikuwa tulivu kama ya mtu anayekunywa chai. "Mota si kitu, mathe. Achana nayo. Tumieni injini."

"Injini gani? Nakwambia mota imekufa!"

"Nimeskia, mathe. Sydney aitoe maji tu, halafu muwashe inj..."

Simu ikazima. Chepkosgei aliibonyeza, akaipigapiga pajani, akaipulizia. Wachuka akamgeukia.

"Amesema tutumie nini?"

"Nyamaza."

"Sijasema kitu. Nauliza tu amesema tutumie nini."

Upepo uliwasukuma hadi kwenye shamba zima la gugumaji, majani mazito ya kijani yaliyofungamana kama mkeka, na humo boti ikakwama. Jua liliwaka juu ya vichwa vyao. Walichota maji ya ndani kwa kifuniko cha sanduku la keki, wakiyamwaga nje kwa zamu. Sydney aliomba maji ya kunywa. Wachuka akampa nusu chupa iliyokuwa kwenye mkoba wake, wao wenyewe wakalamba midomo. Uso wa nahodha ulikuwa umepauka.

"Umekula nini leo?" Chepkosgei alimuuliza.

"Chai kavu tu. Asubuhi."

Mama wale wawili wakatazamana, kisha wote wakaitazama keki. Ilikuwa nyeupe, ina maua ya sukari, na juu kabisa imesimamishwa bwana na bibi harusi wa plastiki.

"Ghorofa ya chini," Wachuka alisema hatimaye. "Kwa nyuma. Itageuzwa, hakuna atakayeona."

"Nyuma ni upande gani?"

"Upande wa mwanao."

Chepkosgei alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamfanya akae chini kwenye maji. Wachuka naye akashindwa kujizuia. Walimega kwa mikono, wakamlisha Sydney kama mgonjwa wa hospitali, kisha, kwa kuwa shimo lilikuwa limeshachimbwa, wakala na wao.

Ilikuwa wakati wa kumeza tonge la pili ndipo Wachuka aliposimamisha taya.

"Rudia maneno ya Jeff. Vilevile alivyosema."

"Tumeanza tena?"

"Si ugomvi. Rudia."

"Alisema mota si kitu, tutumie injini."

"Sikiliza basi. Mwenye boti anaambiwa mota imekufa, hashtuki. Anasema tutumie injini." Wachuka alisimama, boti ikayumba. "Kwake hivyo ni vitu viwili! Mama Kipyegon, hii boti ina mota. Mota ya kweli, ya stima!"

Chepkosgei alimgeukia nahodha. "Sydney! Hapa kuna mota nyingine?"

Sydney alilamba krimu kidoleni. "Mashine ndogo? Iko huko mbele chini ya turubai, na betri yake. Ya kupeleka wageni kuangalia ndege. Haina kelele."

"Mashine!" Wachuka alishika kichwa.

"Sisi huita zote mashine. Kubwa na ndogo."

"Na kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea, mathe."

Chini ya turubai walikuta kijiti cha chuma chenye propela ndogo kama ua, na betri kama ya gari. Wachuka alifuta vichwa vya betri kwa pindo la kitenge, akafunga waya mwekundu pake na mweusi pake, na cheche ndogo ikamwonyesha kwamba betri ina uhai, kisha akakifunga kijiti nyuma ya boti. Lakini propela isingezunguka ndani ya gugumaji.

"Nishike miguu," alisema Chepkosgei. Alivua kofia, akalala kifudifudi, akajining'iniza nje ya boti hadi kifuani, akaanza kung'oa mizizi kwa mikono. Wachuka alimkalia vifundo vya miguu. Fundo baada ya fundo la majani likatupwa pembeni.

Kisha mikono ikasita.

"Mama Natalie," Chepkosgei alinong'ona. "Nivute. Polepole."

Umbali wa kama chumba kimoja, masikio mawili madogo yalikuwa yametokeza juu ya majani, yakitikisika. Chini yake, macho. Nyuma yake kikajitokeza kichwa kingine kidogo. Kiboko na mtoto wake.

Wachuka alimvuta mwenzake kama anayevuta gunia la viazi kupita kitanda cha mtoto aliyelala. Sydney alifumba macho akaanza kusali. Yule kiboko alipumua, na unyevu wa pumzi yake ukawafikia usoni, wenye harufu ya nyasi zilizooza.

"Ukivuta tena kamba ya ile kubwa, atatuvunja," Chepkosgei alisema kwa pumzi tu. "Kiboko mwenye mtoto hataki kelele. Washa hiyo yako."

Wachuka aligeuza swichi. Hakikusikika kitu. Kwa kitambo cha kutisha alidhani betri imekufa. Kisha akaona majani yakianza kurudi nyuma, jani kwa jani, na boti ikateleza kimyakimya kupitia njia aliyoifungua Chepkosgei. Macho ya kiboko yaliwasindikiza. Hakuna aliyepumua hadi walipotokea kwenye maji wazi, na hapo Chepkosgei akaanza kulia bila sauti. Wachuka alimshika mkono. Ulikuwa umechanika kwa mizizi, unatoka damu.

"Elekeza," alimwambia. "Ule mlima tuuweke upande gani?"

"Longonot ikae kushoto," Chepkosgei alijibu, akifuta pua. "Na mawimbi tuyakate kwa pembe, tusiyapokee ubavuni."

Wakaenda hivyo, mmoja akishika usukani, mwingine akichota maji, Sydney akiwa ameegemea sanduku. Katikati ya safari Chepkosgei alisema, bila kumtazama mwenzake, "Kipyegon alipoleta habari za Natalie, nilikataa. Nilisema mtoto wa mwenye duka atamdharau."

Wachuka alimwaga kifuniko cha maji. "Mimi nilikataa mwezi mzima. Nilisema mwanao hawezi kuongea. Kumbe maneno yote yalibaki kwako."

Betri ilichoka walipoyaona mafunjo ya ufuo wa kusini. Wachuka alitoa ubao uliobeba keki, keki yenyewe ikahamia ndani ya kofia ya Chepkosgei, na wakautumia ubao kama kasia kwa zamu. Mwisho waliruka kwenye matope yaliyofika magotini, wakaivuta boti na nahodha wake.

Jeff alikuwa ufuoni pamoja na nusu ya wageni, simu sikioni, uso umemsawijika.

"Mathe, si nilisema mtumie injini?"

"Jeff," alijibu Wachuka kwa upole uliomwogopesha zaidi, "leta gari, mpeleke huyu akashonwe." Akamgeukia mwenzake. "Na ukiulizwa kilichoharibika, sema vyovyote unavyotaka."

"Nitasema mashine," Chepkosgei akajibu.

Sydney alishonwa kwenye zahanati ya karibu, akarudi kabla ya hotuba. Harusi ilikuwa imechelewa kwa ajili yao. Hapakuwa na muda wa kubadilisha nguo, kwa hiyo walioshwa miguu kwa mfereji wa bustani, wakakalishwa viti vya mbele, tope likiwakaukia kwenye vitenge. Natalie alilia alipowaona, Kipyegon akawakumbatia wote kwa pamoja, na kwaya ikaanza kuimba.

Mchungaji alipofika pale pa kuwaomba wazazi wasimame watoe baraka, baba wa pande zote mbili walisimama. Mama hawakusimama. Kichwa cha Wachuka, wazi bila kilemba, kilikuwa kimelala kwenye bega la Chepkosgei, na cha Chepkosgei kimeegemea juu yake, na wote wawili walikuwa wakikoroma. Mchungaji akangoja. Mtu mmoja akanyoosha mkono kuwatikisa, lakini bibi harusi akautoa.

"Waache," alisema Natalie. "Endelea polepole, pasta."

Na mchungaji akasoma baraka yote kwa sauti ya kunong'ona.