Mifuko ya Wiki Tisa

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha mbele cha Land Cruiser.

Shubiri hakuinama. Alikanyaga mafuta.

Hilo ndilo jina lake katika idara ya upelelezi. La kuzaliwa walilijua wachache. Mbele yake lori jeupe lilikuwa likikimbilia mpakani, limesheheni chakula cha dripu cha wagonjwa mahututi.

Bandia. Mifuko elfu nne.

Redio ya Motorola ikakoroma. "Shubiri, zimebaki kilomita tatu. Lisivuke."

"Nimekupata."

Alitoa bastola yake ya Glock dirishani. Akafyatua mara mbili. Tairi la nyuma likapasuka, lori likayumba, likalala ubavu mtaroni.

Dereva alitimua mbio. Shubiri alimwacha. Aliyemtaka ni mkemia wa genge, aliyebanwa na kiti, miwani imevunjika.

Alimwekea bastola kwenye paji la uso.

"Ulitoa nini humu?"

"Methionini. Asidi amino moja tu, kijenzi cha protini."

"Bila hiyo ini linakuwaje?"

"Seli zake zinashindwa kuyatoa mafuta. Yanajaa humo humo mpaka zinakufa. Mabosi wa ng'ambo walitaka watu waugue, kisha walete dawa yao."

"Mgonjwa akirudishiwa, anapona?"

"Aliyetumia wiki mbili, anapona."

"Na wiki tisa?"

Mkemia alimtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa limejaa damu.

"Ni nani wako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

"Wiki tisa hapana, dada. Siwezi kukudanganya."

Kidole cha Shubiri kilikaza kwenye kifyatulio. Kikakaa hapo kwa muda mrefu.

Kisha akamrushia kalamu na daftari.

"Andika ulichopunguza, mfuko kwa mfuko. Wa wiki mbili wanasubiri."

Mkemia aliandika kurasa kadhaa. Shubiri alizipiga picha kurasa zote, akazituma kwa madaktari, akamfunga pingu.

Nusu saa baadaye polisi walilizingira lori. Simu ikaita. Alikuwa Mkuu wake.

"Madaktari wamezipata. Watu mia tatu wataponea hapo. Shubiri, nimeongea na wodi aliyolazwa kaka yako."

"Amefariki saa ngapi?"

"Saa nne. Ulikuwa barabarani, nikaona nisikwambie."

"Sawa, Mkuu."

"Nikutumie gari likupeleke?"

"Hapana. Sina haraka tena."

Alizima simu, akarudisha bastola kwenye mkoba wake, akaiacha Land Cruiser hapo hapo, akaanza kutembea taratibu kuelekea mjini juani.