Saa Tisa ya Nani?

Lifti ya jengo lenye ofisi ya tiketi za ndege ilikwama foleni ikiwa imefika hadi ngazini. Fundi wa lifti akatoka shimoni mwake na ovaroli yake ya bluu iliyojaa grisi, akaenda moja kwa moja dirishani kwa muuza tiketi.

“Dada, kutoka hapa hadi huko,” akaonyesha jiji moja kwenye ramani ya ukutani, “ni mbali?”

“Kilomita elfu nane kasoro kidogo. Saa kumi hewani.”

“Saa kumi tu? Si kulala na kuamka!”

“Kwa anayelala,” akajibu bila kuinua macho. Kisha akayainua, na hapo ndipo alipokosea.

Walipendana miezi minane. Kampuni ya huko ikamchukua, kama wanavyochukua kila fundi ambaye hawakumlea, hawakumsomesha, hata uji hawakumpa. “Umbali siku hizi si kitu,” meneja wa tiketi akamtuliza binti. Huyo husafiri kiti cha mbele, miguu kainyoosha! Binti aliuza umbali ule miaka sita bila kupanda ndege hata mara moja. Alijua saa kumi ni za wenye viza. Wengine huhesabu kwa miaka.

Simu za kila siku zikawa za Jumapili. Fundi akaanza, “Sisi huku...”

“Sisi nani?”

“Aa, mpenzi, usinianze.”

Mwaka ukapita. Halafu: “Nakuja Jumamosi, roho yangu. Nipokee saa tisa. Nina neno.”

Ndege za Jumamosi zilikuwa mbili, ya asubuhi na ya alasiri. Hakuuliza zaidi. Alivaa gauni la rangi ya chungwa, akafika uwanjani saa tisa kasoro robo, akamkuta fundi amekalia sanduku, suti imekunjamana, uso umemvimba.

“Masaa sita! Si nilikwambia saa tisa?”

“Na simu yako?”

“Laini ya huko, hapa haishiki.” Akamsukumia tiketi. “Tisa kamili. Soma!”

Akasoma saa ya kutua: 09:00. Akacheka kwa dharau hadi wapagazi wakageuka.

“Hiyo ni saa tatu asubuhi, mwanamume wewe! Mwaka mmoja tu, wamekupokonya hata saa uliyofundishwa na mama yako?”

Fundi akatoa pete. “Twende wote. Ni saa kumi tu.”

“Koma na hiyo ‘tu’ yako. Mimi umbali nauuza, siununui. Wakikutaka, ni karibu. Uvunjike mgongo huko, ndipo utajua ni mbali. Ukinitaka, nipo hapa.”

Fundi akatazama saa yake ya mkononi. Bado ilikuwa ikifuata saa za jiji lile. Akaivua, akazungusha mishale polepole.

“Lifti yenu bado inakwama?”

“Tangu uondoke. Watu wanapanda ghorofa saba kwa miguu, meneja kanunua ramani mpya.”

“Basi Jumatatu nitakuja kuanza kazi. Saa tatu.”

“Saa tatu ipi?”

“Ya mama.”

Ndipo binti akamnyooshea kidole cha pete.