Mwanamke Aliyevua Hedifoni

Jumapili moja ya mwaka 1978 ukumbi wa parokia ya Karatu ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bruda Josephati akawashusha mmoja mmoja, maana madirisha yalitakiwa kuzibwa kwa mablanketi ili sinema ionekane mchana kweupe. Nje jenereta ilinguruma. Ndani kulinukia vumbi jekundu, mafuta ya nywele na mahindi ya kuchoma.

Lukresia alichelewa kwa sababu ya viatu. Alikuwa amevaa raizoni mpya za soli nene, na barabara ya Karatu siku hizo haikuwa ya kutembelea na raizoni. Alikuwa na gauni la manjano lenye kola pana, na mkanda mweusi uliombana kiuno. Benchi zote zilikuwa zimejaa, isipokuwa nafasi ndogo kando ya kijana mrefu mwenye afro na suruali ya bugaluu.

"Samahani kaka, hapa pana mtu?"

"Palikuwa panakusubiri wewe, dada."

"Hayo ni maneno ya Wachaga."

"Umejuaje kama mimi Mchaga?"

"Umetandika leso kwenye benchi ili suruali isichafuke."

Kijana alicheka, akaitoa ile leso na kumtandikia yeye. Jina lake lilikuwa Eliamini, kwao Machame, na alikuwa dereva wa watalii katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Lukresia, mzaliwa wa Mbulumbulu, alikuwa opereta wa simu hapo posta. Kutwa nzima alivaa hedifoni na kuunganisha watu wasioonana.

Sinema yenyewe ilikuwa ya Kizungu, ya watu wanaosafiri angani. Dunia yao ilikuwa imekauka, na chombo kimoja kilikuwa kikiwapeleka abiria kwenye nyota nyingine. Rubani alimwacha mkewe duniani, kwenye chumba cha redio. Ikafika mahali ambapo rubani akivuka hawezi tena kurudi, na akigeuza, mafuta hayatawatosha abiria kufika kokote. Hapo akamwita mkewe redioni. "Uko hapo? Niambie neno moja." Mwanamke akakaa kimya. Kisha akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole, akatoka nje.

Ukumbini watu waliguna. Mama Antonia, aliyekuwa akiuza mandazi sokoni, akasema kwa sauti, "Huyo hana moyo kabisa."

Lukresia alikuwa akifuta machozi kwa ukingo wa kola.

Walipotoka nje, Eliamini alimfuata hadi kwenye ua wa michongoma. "Dada, mbona umelia? Yule mama amemtupa mumewe."

"Hakumtupa. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, nazijua zile hedifoni. Angefungua mdomo, neno ambalo lingetoka ni rudi. Na yule mwanamume angegeuza, watu wote mle ndani wafe. Alinyamaza kwa sababu anampenda."

"Mimi sikuona hivyo."

"Umeona nini?"

"Yule rubani alikuwa ameshaamua kwenda. Hakuomba ruhusa ya kurudi. Aliomba sauti tu, ya kwenda nayo."

Lukresia alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe hujui wanawake."

"Nifundishe basi."

Bruda hakuwa na sinema nyingine kutoka Arusha, kwa hiyo ile ile ilirudiwa Jumapili baada ya Jumapili. Watu walichoka, ukumbi ukapungua, lakini Lukresia hakukosa. Eliamini naye aliteremka kutoka hotelini kila alipopata ruhusa. Kila walipotoka walibishana juu ya mahali pale pale, wakibishana huku wameshikana mikono, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Siku za kazi Eliamini alimpigia simu.

"Haloo, Karatu."

"Karatu hapa. Nikuunganishe na nani?"

"Na binti mmoja mwenye gauni la manjano."

"Laini yake inatumika, bwana. Anaongea na dereva mmoja msumbufu."

"Mwambie huyo dereva akate."

"Hataki kukata. Amezoea."

Siku moja Eliamini alimpandisha hadi ukingoni mwa kreta. Ukungu ulikuwa umefunika kreta yote, hawakuona hata nyati mmoja. Lukresia alitetemeka kwa baridi, Eliamini akamvika koti lake la kazi lililonukia dizeli, wakakaa kwenye Landrova wakila viazi vya kuchemsha. "Umenileta kuona maziwa," alisema Lukresia. "Kuna ziwa huko chini," alijibu Eliamini. "Nasema maziwa ya kunywa. Kote ni meupe." Walicheka mpaka vioo vikaingia mvuke. Miaka mingi baadaye, akiulizwa ni lini alijua, Lukresia alitaja siku hiyo ambayo hakuona kitu.

Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka uliotangulia na watalii walikuwa wachache. Mwisho wa mwaka vita vya Kagera vikaanza. Madereva wa malori walihitajika, na Eliamini akaenda kujiandikisha Arusha. Alimwambia Lukresia siku mbili tu kabla, wakiwa wamesimama nje ya posta.

"Hukuniuliza," alisema Lukresia.

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Lukresia alimsogelea. Alimfunga vizuri kifungo cha shati, akarudi ndani kazini.

Wiki zikapita. Asubuhi moja taa ya laini ya Arusha, iliyopitisha simu zote za mbali, ikawaka kwenye swichibodi. Lukresia akachomeka waya.

"Haloo, Karatu." Sauti ilikuwa mbali, ikipasukapasuka. "Lukresia? Niko Mwanza. Leo tunavuka ziwa. Uko hapo?"

Akazikandamiza hedifoni masikioni. Nyuma ya Eliamini alisikia injini za malori na wanaume wakiitana.

"Lukresia, mama, najua uko hapo. Sema chochote."

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kooni, na lilikuwa neno moja tu, rudi. Akamwona Eliamini akiliendesha lori lililojaa watu huku neno hilo likimzunguka kichwani, barabara ya matope, mkono ukisita kwenye usukani. Akaziba mdomo kwa kiganja. Akachomoa waya.

Vita vikaisha mwaka uliofuata. Waliotoka Endabash walirudi, waliotoka Mbulumbulu walirudi, wengine hawakurudi. Habari za Eliamini hazikuja. Lukresia aliendelea kuunganisha simu za watu. Mwanamume mmoja mwenye duka alipeleka posa kwa baba wa Lukresia, Mzee Sylvesta, naye baba akamwita binti. Lukresia akasema bado. Baba hakumlazimisha, ila alimuuliza bado mpaka lini.

Ndipo Thomasi, mpishi wa ile hoteli, alipokuja posta kumpigia mkewe. Alishangaa kumkuta Lukresia ana uso wa msiba.

"Kwani hamjaonana na Eliamini? Amerudi kazini tangu mvua za kwanza."

"Anashuka mjini?"

"Hashuki. Akitumwa huku anasema gari bovu."

Kesho yake Lukresia aliomba ruhusa, akavaa gauni la bluu na sweta, akapanda lori la mahindi lililokuwa likienda upande wa kreta. Alimkuta Eliamini gereji, amelala chini ya Landrova, miguu tu nje. Aliitambua ile miguu.

"Fundi, gari limepona?"

Miguu ilitulia. Kisha Eliamini akajitokeza. Alikuwa amekonda, amenyoa afro yote, na kovu jipya lilipita juu ya nyusi.

"Salamu za posta zimefika mpaka huku?" alisema bila kutabasamu.

"Umerudi na hukuja."

"Nije kwa nani? Nilikuita, ukachomoa waya. Nilisikia ule mlio. Nikajua nimepewa jibu."

"Eliamini, ningesema rudi. Hilo ndilo lililokuwa mdomoni. Nilikuogopea ukiwa na watu nyuma ya lori."

"Unanisimulia ile sinema yako."

"Ndiyo. Niliiamini sana, nikaifanya kweli."

Alikaa kwenye tairi kuukuu, akijifuta mikono na tambara. "Nilishakula kiapo, Lukresia. Nisingeweza kurudi hata ungelia. Ungeniambia umekula nini asubuhi, ingetosha. Kule kulikuwa na siku lori linazama matope na wenzangu wananiangalia, na mimi nikajaribu kuikumbuka sauti yako ukisema Karatu hapa. Ikaja ile tu ya waya."

Lukresia alipiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, gauni na yote.

"Uji," alisema. "Siku ile nilikuwa nimekunywa uji wa ulezi. Haukuwa na sukari, sukari ilikuwa haipatikani. Na dada Hyasinta alikuwa amenisuka vibaya, upande mmoja ukavimba. Nilitaka kukuonyesha."

Eliamini alimwangalia. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili yenye grisi.

"Upande gani?"

"Huu wa kushoto."

"Sasa umeuchafua wote, mpenzi."

"Wewe ndiye uliyeuchafua."

Jumamosi iliyofuata Eliamini alikwenda Mbulumbulu amevaa koti la kuazima. Mashamba ya ngano yalikuwa ya kijani mpaka mlimani. Mama Marsela, mama mzazi wa Lukresia, alimkaribisha kwa kibuyu cha maziwa. Mzee Sylvesta alimsikiliza mpaka mwisho, akichonga mpini wa jembe.

"Umesema vizuri," alisema. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Basi hujaja. Kwetu mtu haji kuposa kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Nenda kwenu ukawachukue wazee wako."

Eliamini alitoka ameinamisha kichwa. Lukresia alikimbia akamkuta njiani, kanga ikimwanguka begani.

"Mbona umenuna?"

"Baba yako amenifukuza."

"Amekuambia nini hasa?"

"Nikalete wazee."

"Na yule mwenye duka aliambiwa tutafikiri. Wewe umeitiwa wazee, basi umekubaliwa." Alimshika mkono, akaanza kumvuta kuelekea barabarani. "Eliamini, wewe ni wa kufundishwa kila kitu. Lori la Arusha, njia ya kwenu Machame, linapita sasa hivi. Twende, kimbia, na njiani nitakwambia mama yangu anapenda kitenge cha rangi gani."