Nyumba Linakolala Gari

Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma hadi mwisho. Sidra alikiona asubuhi alipofungua mlango wa gari ili ampeleke baba yake hospitali, akabaki kasimama barabarani na funguo mkononi. Yeye ni mfupi. Akiendesha, magoti yake karibu yaguse usukani. Aliyekaa pale alikuwa na miguu mirefu ya ajabu. Na ndani mlinuka masizi, yale ya meko yaliyozimwa zamani yakaja kunyeshewa mvua.

Mtu wa kwanza ambaye Sidra alimshuku alikuwa ami yake, Chacha Tanvir, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na funguo za akiba. Alipompigia simu, Chacha akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajaligusa. Tena akamcheka, akamwambia labda amerefuka usingizini.

Sidra hakucheka, maana simu ilikuwa imeshamwonyesha mengine. Chini ya dashibodi ya kigari kile kulikuwa na kisanduku cheusi cha kampuni ya bima. Vijana wa Bradford, huku Uingereza, wanakijua vizuri kisanduku hicho. Kinapeleleza mwendo wako, breki zako, kona zako, na zaidi ya yote safari zako za usiku, kisha kinapeleka umbea wote kwa kampuni, nayo inakupa alama kwenye simu. Alama zikishuka, bei inapanda. Zikishuka sana, bima inafutwa, na aliyefutiwa bima jina lake limeharibika; hakuna kampuni nyingine itakayomkaribia. Alama za Sidra zilikuwa safi tangu mwanzo. Asubuhi hiyo zilikuwa zimeporomoka, na ramani ikasema gari lilitoka usiku wa manane, likapanda hadi vilimani Thornshaw, likarudi kabla ya alfajiri.

Nyumba ile ya Thornshaw aliijua, na uongo alioutamka pale aliujua pia.

Kisa chenyewe ni hiki. Bradford, ukiwa na miaka kumi na tisa, ukitaja tu mtaa wako bei ya bima inapanda kabla hujafunga mdomo. Sidra aliambiwa alipe zaidi ya thamani ya gari lenyewe, na mwaka uliofuata ingeongezeka tena. Ndipo Chacha alipoleta akili zake. Alikuwa na nyumba ya mawe kule vilimani, aliyoinunua kwa bei ya kutupa ili aikarabati apangishe, ila mafundi walikuwa wakiingia asubuhi na kuondoka mchana, wala hawarudi kudai ujira. Bima ya huko ilikuwa rahisi.

"Sema unakaa kule, basi," Chacha alimwambia. "Mtaa mzima wanafanya hivyo, wewe tu ndiye walii?"

Basi fundi wa kisanduku akaitwa aje Thornshaw, akakifunga gari likiwa limesimama mbele ya nyumba ile. Alipoondoka, kampuni ikapiga simu kuhakikisha maelezo. Jua lilikuwa linazama. Sidra alisimama kizingitini, mlango wazi nyuma yake, akajibu kwa sauti kubwa kwa sababu ya upepo. Alisema gari litalala pale kila siku. Alisema na mengine, ambayo hakumwambia mtu.

Hakufanya hivyo kwa anasa. Abbu, baba yake, figo zake zilikuwa zimekufa, na kila baada ya siku moja alilazwa kwenye mashine asafishwe damu. Zamani alichukuliwa na gari la wagonjwa. Jioni moja likamsahau, na Sidra akamkuta kwenye sakafu ya ukumbi wa hospitali, midomo imekauka, kiatu kimoja hakipo, watu wanamruka. Alimbeba akilia. Akaapa kwamba Abbu hatapanda tena gari la watu.

Sasa kigari kile kilikuwa kinatoka kila usiku. Sidra aliweka funguo chini ya mto wa Abbu, na bado kiti kilikutwa nyuma na harufu ya masizi ikazidi. Kampuni ikatuma onyo: safari moja zaidi ya usiku na bima inafutwa. Sidra alilisoma onyo lile bafuni, bomba likiwa wazi ili Abbu asimsikie akilia.

Usiku huo alijilaza kiti cha nyuma, akajifunika blanketi, milango ameifunga kwa ndani. Akili yake bado ilikuwa kwa mwizi. Mwizi angemfurahisha.

Kwanza kisanduku kilianza kugonga, ko, ko, ko, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Kisha kiti cha dereva kikaanza kurudi nyuma chenyewe, kikaja, kikaja, hadi kikamgusa magoti na kumbana, na kitambaa chake kikabonyea kwa uzito wa mtu ambaye Sidra hakumwona. Breki ya mkono ikashuka, na gari likaondoka bila injini kuwaka, likapanda mlima, ndiyo, likapanda, kimya kimya, likiwasha taa ya kukata kona pasipokuwa na mtu, likisimama kwenye taa nyekundu kwa adabu ambayo Bradford haijapata kuiona, na Sidra akijaribu kuisoma Ayatul Kursiy aliyoihifadhi tangu utotoni, akifika katikati maneno yanapotea, anaanza upya, yanapotea tena, huku nyumba za mji zikiisha, taa za barabarani zikiisha, vikibaki vilima vitupu na ile harufu ya masizi iliyomjaa kooni hata akahisi anaimeza.

Gari likasimama. Mlango wa nyuma, ule alioufunga kwa mkono wake, ukafunguka. Nyumba ilikuwa giza tupu, mlango wake wazi, na kutoka ndani ikaja sauti ya upole, ya mtu mzima aliyengoja sana.

"Beti," ilisema. "Shuka, beti. Chakula kinapoa."

Beti, binti yangu. Duniani Abbu peke yake ndiye aliyemwita hivyo, na alikuwa amelala Bradford. Sidra alishuka upande wa pili akakimbia, hajui ardhi wala mbingu, hadi dereva wa lori la maziwa alipomwokota barabarani.

Asubuhi gari lilikuwa mbele ya nyumba yao, limeegeshwa vizuri. Bima ilikuwa bado haijafutwa. Ujumbe kwenye simu ulisema uamuzi utatolewa mchana. Abbu, aliyekuwa hawezi hata kunyanyua birika, aliposimuliwa ya usiku alijikokota hadi msikitini akamleta Kari Ilyas, msomaji wa Kurani. Mchana Kari alikuwa dereva wa teksi, na watu waliopagawa aliwasomea bila malipo. Alilizunguka gari, akatia kidole kwenye vumbi la dashibodi, akakinusa, akaingia nyumbani akaketi.

"Ulisema nini kule?" akauliza kwa sauti ya chini.

Sidra akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza.

"Wenzetu wale, majini, wanashika ahadi kuliko sisi. Ulisimama mlangoni kwao Magharibi inaingia, hukutaja jina la Mungu, ukatangaza. Wameyapokea maneno yako kama yalivyo. Sasa uyakanushe kwa ulimi huohuo, yote, neno kwa neno. Ukiacha moja, hilo moja ni lao."

Sidra alimtazama Abbu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, ameukumbatia mkono wake wenye bendeji, anamtolea macho ya kumwonea huruma. Kwenye simu siku ile kampuni ilimuuliza kama ana jamaa anayeishi naye. Chacha alikuwa amemwonya kwamba akimtaja baba, anwani ya Bradford itajitokeza. Basi alisema: sina mtu, sina mama wala baba, nakaa hapa peke yangu.

Mama yake alikuwa amekufa kweli. Lakini baba huyu hapa, anapumua kwa taabu. Angewezaje kuyarudia maneno yale mbele yake?

"Nilisema gari linalala pale," akajibu.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kari akamsomea. Sidra akaipigia kampuni, akakiri kwamba gari halijapata kulala Thornshaw, na mtu wa upande wa pili, kwa upole mwingi, akaifuta bima palepale. Kigari kikavutwa hadi kwa wanaonunua vyuma chakavu, kikabanwa kikawa bapa, na kisanduku ndani yake. Harufu ya masizi ikakatika. Chacha hakuonekana tena pale kwao. Abbu akarudi kwenye gari la wagonjwa, akawa anaondoka na kofia yake ya sufu na mkate mfukoni kwa tahadhari, akimwambia Sidra asijali, huko anapata watu wa kuongea nao. Sidra alikuwa akisimama dirishani hadi gari lile lipotee, roho inamuuma.

Asubuhi moja simu yake ikaita kitandani, kando ya mto. Ilikuwa ile programu ya bima, aliyokwisha kuifuta. Ilimpongeza. Safari imekamilika, ilisema, dereva amefika nyumbani salama.

Akafunua blanketi. Miguu yake ilikuwa na tope jeusi la vilimani hadi kwenye vifundo, na majani makavu katikati ya vidole.

Mlango ukasukumwa. Abbu aliingia na sinia, chai imemwagikia paratha aliyoipika mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Amka ule, beti," akasema.

Sidra alitaka kumwambia kila kitu, hata yale maneno. Alipofungua kinywa akasikia ladha ya masizi juu ya ulimi, na tumboni shibe nzito, ya mtu aliyekula akasaza.

"Nimeshakula, Abbu."

"Umekula? Wapi, alfajiri yote hii?"

Alijaribu kuuzuia mdomo wake kwa kiganja. Ukajibu wenyewe.

"Nyumbani."