Nyumba Iliyokatazwa Kulia

Cherehani ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi. Mama Chiriku alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele. Miguu inakanyaga, mikono inasukuma kitambaa, mawazo yake yapo mbali. Ukimsalimia anajibu, "Salama." Ukimuuliza habari za nyumbani anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Basi! Neno lingine utalisubiri mpaka uchoke.

Zamani hakuwa hivyo, jamani. Alikuwa na utani mpaka wateja walisahau walichofuata. Mumewe ni mwokaji mikate, na ni mzee wa kanisa. Binti yao ana miaka saba. Wanamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Familia hii inasifiwa kanisani kwa jambo moja: shukrani. Kila jioni baada ya kula wanabaki mezani. Kila mmoja anataja kitu kimoja cha kumshukuru Mungu, kisha baba anaomba. Kulalamika ni marufuku. Walianza hivyo wakati baba alipokosa kazi na nyumba ikajaa njaa na maneno makali. Shukrani ndizo zilizowashikamanisha. Mimi siwacheki, ni desturi nzuri. Lakini hata kizuri kina kipimo chake.

Miezi michache iliyopita, Mama Chiriku alijifungua hospitalini. Mtoto alizaliwa amefariki. Mama alitokwa na damu nyingi akapoteza fahamu. Alipozinduka, mumewe alikuwa amekwisha kumzika mtoto. Mama hakumwona. Hakumpakata hata kidogo.

Aliporudi nyumbani, mumewe aliomba mezani, "Bwana, asante kwa kumponya mke wangu." Wageni wakasema, "Mungu ni mwema, atawapa mwingine." Chiriku aliambiwa tu, "Mtoto hakuja." Tangu hapo hakuna aliyemtaja tena.

Mama alibaki na swali moja: Mwanangu alifananaje? Aliyejua ni mtu mmoja tu, naye wanalala kitanda kimoja. Lakini atamuulizaje? Kuuliza ni kulalamika. Kulalamika ni kukosa imani. Basi akanyamaza. Kuwa mpweke huku huna mtu kunauma. Kuwa mpweke katikati ya watu wanaokupenda kunauma zaidi.

Jioni moja walikuwa mezani kama kawaida.

"Mimi nashukuru jino langu limeng'oka na wala sikulia!" alisema Chiriku.

"Mimi nashukuru tanuri limetengenezwa," alisema baba. "Haya, Mama Chiriku."

"Leo sina."

"Taja hata kimoja. Pumzi je?"

"Sina, Baba Chiriku."

Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Sahani yake ilikuwa haijaguswa. Hata jana yake hakula.

Kesho yake, mwokaji alitoka kazini akaenda kwa jirani yao. Jirani huyo ni mama mtu mzima aliyefanya kazi ya ukunga hospitalini mpaka akastaafu.

"Hodi! Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo? Unga umegoma kuumuka?"

Mwokaji hakucheka. "Mke wangu amepungukiwa imani. Hali, halali, na jana amekataa kushukuru. Naomba umwonye."

"Nimwonye!" Mkunga aliweka kikombe chini. "Hebu niambie. Tangu mfiwe na mtoto, mmewahi kuzungumza habari zake?"

"Hapana. Sitaki kumtonesha kidonda."

"Kidonda kisiposafishwa kinaoza."

"Lakini Mama, sisi ni nyumba ya shukrani."

"Najua, na nawasifu. Sasa wewe unajua chachu kuliko mimi. Ukiizidisha kwenye unga, inakuwaje?"

"Mkate unaharibika."

"Kwa hiyo chachu ni mbaya?"

"Si mbaya. Imezidi tu."

"Haya, umejijibu mwenyewe." Mkunga alimsogelea. "Shukrani ni nguvu yenu. Lakini mmezitumia kumziba mwenzenu mdomo. Mama ambaye mtoto wake amezaliwa amefariki, amefiwa kama mzazi yeyote. Anataka kumtaja mwanawe. Anataka kujua alikuwaje. Anataka kulia na mtu. Kulia si kukosa imani. Yesu alilia penye kaburi la rafiki yake, na alijua kwamba atamfufua. Wewe umemzidi?"

"La hasha, Mama."

"Basi ongea naye. Tena msiishie hapo. Mtu asiyekula wala kulala mpeleke kituo cha afya. Huzuni nayo inaweza kuwa ugonjwa, na ugonjwa huo una matibabu. Ombeni, na kutibiwa atibiwe." Akammiminia chai. "Na wewe, umelia lini?"

Mwokaji alianza kujikung'uta unga mikononi.

"Siku ya kumzika mtoto, nani alikusaidia kumbeba?"

"Nilimbeba peke yangu, Mama." Hapo akalia, mwanamume mzima. Mkunga hakumwambia anyamaze.

Jioni ile, baada ya kula, Chiriku alikuwa tayari na shukrani yake. Baba alimwambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Kisha akamgeukia mkewe.

"Leo siwezi kuanza na shukrani. Moyo unaniuma. Namlilia mtoto wetu."

Mama aliinua uso. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alifananaje?"

"Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi tititi. Paji la uso lilikuwa lako kabisa. Na vidole virefu. Nikasema, huyu naye angekuwa fundi cherehani."

Mama akaangua kilio. Alilia kwa sauti, bila kujificha. Mumewe alisogeza kiti, akamkumbatia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikilia, wewe utaanguka."

"Na mimi nilidhani umeshamsahau. Nilidhani nimebaki naye peke yangu."

Wiki ile walikwenda pamoja kituo cha afya. Mama alipata mhudumu wa kuzungumza naye, akaambiwa arudi tena. Taratibu alianza kula, kisha kulala. Siku moja alimtania mteja aliyenenepa, akacheka mwenyewe mpaka akashangaa. Mezani hawakuacha kushukuru. Ila sasa mwenye shukrani anasema, na mwenye maumivu anasema, na yote yanaombewa. Chiriku ndiye aliyefaidi zaidi, maana sasa anasema mara mbili.

Jumapili moja, baada ya ibada, walikwenda wote makaburini. Ni baba tu aliyepajua mahali. Mama alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo muda mrefu. Mumewe alipiga magoti karibu naye.

Chiriku alisimama nyuma yao. Kwa mara ya kwanza alikuwa kimya.

"Alikuwa msichana?" aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu," alijibu baba.

Kisha akapita katikati ya wazazi wake, akachuchumaa, akaongea na udongo polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Mdogo wangu, mimi ni dada yako. Usinune. Hawakuniambia kama upo."